Askari, Usimfungie Mwanao Mlango wa Udaktari

Jioni moja ya mwezi Septemba mwaka 2025, sajini mmoja wa polisi alibisha hodi nyumbani kwangu hapa Kamembe akiwa amefuatana na bintiye. Alikuwa angali katika sare, kwani alitoka zamu ya mpakani moja kwa moja, na mkononi alishika bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Baada ya maamkizi, na baada ya kuikataa chai mara moja kama ilivyo ada ya askari kabla ya kuipokea, aliifungua bahasha ile akaniwekea mezani karatasi ya matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari.

"Mwalimu," akasema, "mtoto huyu tangu akiwa mdogo anataka kuwa daktari, na amefaulu kama unavyoona. Nimekuja unielekeze ni mkubwa gani wa Chuo Kikuu ninayepaswa kwenda kumwona."

Niliisoma karatasi kwa makini. Alama zilikuwa nzuri. Wapo walimu wa shule zenye majina makubwa ambao wangefurahi kuziona. Lakini zilikuwa alama za Historia, Uchumi na Jiografia. Biolojia haikuwamo, Kemia haikuwamo.

"Afande," nikamjibu, "hakuna mkubwa wa kumwona. Uamuzi wa jambo hili ulikwisha kutolewa zamani, nao haukutolewa Kigali."

Akanitazama kama mtu aliyesomewa hukumu ya kesi ambayo hakujua kwamba imefunguliwa.

Ndugu askari, nimefundisha Kemia katika sehemu hizi tangu wilaya yetu ya Rusizi ingali sehemu ya mkoa wa Cyangugu, kabla ya mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006, na kisa cha sajini huyu si cha kwanza kufika mezani pangu. Nakisimulia kwa idhini yake, bila jina, kwa sababu naamini kuna wengine wengi katika kambi na vituo vyetu wanaoelekea pale pale alipofikia yeye bila kujua.

Mambo yalikwenda hivi. Binti yule alipomaliza mwaka wa tatu wa sekondari alifaulu vizuri, akapangiwa shule ya bweni yenye mchepuo wa sayansi, mbali na hapa, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe. Mwezi ule ule baba yake alipata uhamisho kuja Rusizi. Akapiga hesabu ya ada ya bweni, nauli, godoro na sanduku. Akafikiria pia upweke wa mtoto wa kike katika shule asiyoijua. Akaomba abadilishiwe ili asome karibu na nyumbani. Ombi likakubaliwa. Shule ya karibu haikuwa na sayansi katika madarasa yake ya juu, na mtoto akaandikishwa katika mchepuo uliokuwapo. Mwenyewe hakulalamika. Baba alidhani kwamba mtoto mwenye akili huweza kugeukia somo lolote wakati wowote, na kwamba jambo la maana ni kufaulu.

Ni kosa lililotokana na upendo, na ndiyo maana ni gumu kulisahihisha. Laiti angekuwa mzazi mzembe ningemkemea.

Naomba ieleweke vyema jinsi njia hii ilivyo. Mwanafunzi wa Rwanda huingia chuo cha udaktari kwa alama zake za mwisho wa sekondari katika masomo ya sayansi. Biolojia na Kemia ndizo nguzo mbili zisizo na badala. Fizikia au Hisabati husimama kando yake. Kwa miaka mingi michepuo iliyompeleka mtu huko ilijulikana kwa herufi zake: Fizikia, Kemia na Biolojia, au Hisabati, Kemia na Biolojia. Tangu mwaka wa masomo 2025/2026 michepuo ya zamani imekusanywa katika njia chache zilizo pana zaidi, ile ya hisabati na sayansi ikiwa mojawapo. Majina yamebadilika, lakini njia panda imebaki pale pale: mwisho wa mwaka wa tatu. Mtoto wakati huo ana miaka kumi na mitano au kumi na sita, hajui hata kunyoa ndevu, na jambo litakaloamua kama atashika kisu cha upasuaji au la huandikwa kwa kalamu katika fomu ambayo mara nyingi mzazi hakuisoma.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kujua kama mwanawe atakuwa daktari asingoje matokeo ya mwaka wa sita. Na atazame daftari la Hisabati la mwaka wa pili. Sisemi hivi kwa kuwadharau wenzangu wanaofundisha masomo mengine. Nasema yale niliyoyaona darasani kwa zaidi ya miaka thelathini. Mtoto anayeshindwa kuelewa uwiano na sehemu katika mwaka wa pili atashindwa kupima mchanganyiko wa kemikali katika mwaka wa nne, ataichukia Kemia, na atakuambia kwamba yeye hakuzaliwa kuwa mtu wa sayansi. Daftari lake la mwaka wa pili linaweza kukuonyesha mahali alipokwama, kama utalifungua.

Hapa askari anayo shida ambayo raia wa kawaida hana, nayo ni uhamisho. Hatuwezi kuilaumu kazi kwa hilo, aliyeapa aliapa. Lakini uhamisho humhusu askari, si lazima umhusu mtoto aliye mwaka wa tatu au wa sita. Nimewaona wanafunzi walioingia darasani kwangu mwezi wa pili wa muhula wakitoka Nyagatare au Musanze, wakikuta tumekwisha kupita sura tatu, na mwalimu mwenye wanafunzi hamsini hana wasaa wa kurudi nyuma kwa ajili ya mmoja. Mtoto huyo hukaa kimya. Baada ya muhula mmoja anakuwa wa mwisho, na mwaka unapokwisha baba anahamishwa tena.

Ushauri wangu ni mchungu lakini umejaribiwa: katika miaka miwili ya mitihani mtoto na abaki alipo, hata kama baba atakwenda. Abaki kwa shangazi, kwa babu, bwenini, au kwa familia ya askari mwenzako ambaye zamu yake ya kuhama haijafika. Katika kambi tumezoea kusaidiana misiba na arusi. Sioni kwa nini tusisaidiane miezi tisa ya kumlaza mtoto wa mwenzetu ili afanye mtihani katika shule iliyomfundisha. Koplo mmoja wa jeshi aliyekuwa jirani yangu aliwalea wavulana wawili wa wenzake kwa namna hiyo, na mmoja wao leo ni muuguzi mkoani Mashariki.

Jambo la maabara nalo linahitaji kusemwa wazi. Shule za elimu ya msingi ya miaka kumi na miwili, zilizoenezwa tangu mwaka 2012, zimefanya kazi kubwa: maelfu ya watoto ambao zamani wangekomea darasa la sita leo wamefika kidato cha juu wakitembea kwa miguu kutoka nyumbani. Lakini si zote zina maabara, na Kemia isiyoguswa kwa mkono hukaririwa kama kasida. Kabla ya kukubali shule kwa sababu iko karibu, nenda siku ya kazi, omba kuonyeshwa chumba cha maabara, na utazame kama chupa zina vumbi. Chupa zenye vumbi zitakueleza mengi kuliko mkuu wa shule.

Tena iko lugha. Sisi wazee wa Cyangugu tulisoma kwa Kifaransa, na kwa kuwa Bukavu iko ng'ambo tu ya mto, bado tunadhani Kifaransa ndiyo lugha ya msomi. Tangu uamuzi wa Serikali wa mwaka 2008, Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia katika shule zetu, na vitabu vyote vya tiba ambavyo mtoto atavikuta chuoni ni vya Kiingereza. Mtoto wa mpakani hapa huzungumza Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni na kambini, Kifaransa kidogo na bibi yake, na Kiingereza hukutana nacho darasani tu. Akifika mtihani anajua jibu lakini hajui swali linauliza nini. Dawa yake ni kusoma kila siku, kurasa chache, kwa sauti. Redio ya baba inaweza kusaidia ikiwa baba ataacha kusikiliza mpira kwa nusu saa.

Sasa nizungumze juu ya vyuo, kwani wengi bado wanakitaja kimoja tu.

Enzi za Wabelgiji, kijana wa Ruanda-Urundi aliyetaka kutibu watu aliweza kufika hadi ngazi ya msaidizi wa tiba, akifundishwa katika Shule ya Astrida ambayo Mabruda wa Upendo waliiendesha tangu miaka ya 1930. Udaktari kamili ulikuwa wa watu wengine. Ni baada ya uhuru, mwaka 1963, Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa mjini Butare, ndipo Kitivo cha Tiba kikawa miongoni mwa vitivo vyake vya kwanza. Kitivo hicho kilijengwa polepole, kikaumizwa vibaya sana katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, kikainuliwa tena, na tangu mwaka 2013 kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda kilichounganisha vyuo vyote vya umma. Chuo hicho hupanga waombaji kwa alama zao, na anayepata nafasi huweza kuomba mkopo wa Serikali unaosimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Rwanda, ambao huanza kulipwa mhitimu apatapo kazi. Yule "mkubwa wa kumwona" hayumo katika mpango huo. Fedha ambazo wazazi hutumia kumtafuta zingetosha kununua vitabu vya miaka mitatu.

Kiko kingine kule Butaro, wilaya ya Burera, Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Ulimwenguni, kilichoanzishwa mwaka 2015 na shirika la Partners In Health na kuanza kufundisha udaktari mwaka 2019 kwa wanafunzi 30. Hicho huchukua watu wachache, hutazama zaidi ya alama, na zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wa udaktari ni wasichana. Mnyarwanda anayesomeshwa pale huahidi kulitumikia taifa kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu, jambo ambalo askari hawezi kuliona kuwa geni. Huko Masoro, Kigali, Waadventista nao walizindua shule yao ya tiba mwaka 2019. Ni ya kulipia, na mzazi apige hesabu kwanza.

Kwa kijana ambaye damu ya baba inamsukuma kwenye sare, iko njia ya tatu ambayo nashangaa kuona hata askari wenyewe hawaielewi vema. Chuo cha Kijeshi cha Gako, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Rwanda, hupokea makadeti, na baadhi yao husomea udaktari. Hutoka wakiwa maofisa na madaktari kwa pamoja. Lakini hapo napo hakuna njia ya mkato: anayetaka kusoma tiba Gako lazima awe na sayansi ile ile ninayoisema tangu mwanzo. Nawaambia pia askari vijana wa cheo cha chini mliojiunga mkiwa na vyeti vizuri vya Biolojia na Kemia vilivyolala sandukuni: havijaoza. Waulizeni wakuu wenu.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kwani askari wa nchi hii wamejaliwa chombo chao wenyewe, Zigama CSS, tangu mwaka 1997. Kosa ninaloliona ni kwamba wengi hukiendea kwa mkopo wa pikipiki wakati mtoto yuko mwaka wa kwanza, kisha hukiendea tena kwa mkopo wa ada anapofika mwaka wa nne, wakakuta mshahara umekwisha kufungwa. Aanzaye kuweka akiba ndogo mtoto akiwa shule ya msingi hatajikuta akimhamisha kutoka shule ya sayansi kwa sababu ya bei ya godoro.

Narudi kwa sajini wangu. Aliponisikia hadi hapo alinyamaza kitambo, kisha akatoa siri iliyokuwa imemleta hasa. Mtu mmoja alikuwa amemwambia kwamba ng'ambo, na hata katika nchi nyingine za jirani, viko vyuo vitakavyompokea binti katika udaktari na cheti chake kile kile cha Historia na Uchumi, ilimradi alipe nusu ya ada mapema, kwa mkono, kupitia kwa mtu huyo. Sajini alikuwa tayari kukopa.

Naomba niseme jambo hili kwa uangalifu. Bukavu ni mji wa wasomi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kimefundisha tangu mwaka 1989, na Hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, inajulikana duniani kote. Sina neno baya juu ya walimu wa huko. Baadhi yao walinitibu. Lakini shahada ya tiba haitundikwi ukutani kama picha. Anayerejea nayo Rwanda kutoka nchi yoyote hupaswa kupeleka vyeti vyake kwa Baraza la Elimu ya Juu ili vilinganishwe na vya hapa, kisha kukubaliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno kabla hajamgusa mgonjwa. Huko hutazamwa alisoma wapi, kwa muda gani, na aliingia na nini. Chuo kinachompokea mtu katika tiba bila kumuuliza kama aliwahi kusoma Kemia kinakuambia kitu juu ya chenyewe.

Wala hili si la nje peke yake. Mwaka 2017 Serikali yetu ilisimamisha baadhi ya masomo katika vyuo kadhaa vya binafsi humu humu nchini kwa sababu havikutimiza masharti, na udaktari ulikuwa miongoni mwa masomo hayo. Waliotaabika ni wanafunzi na wazazi waliokwisha kulipa. Polisi anajua kwamba mtu asiye na leseni haendeshi gari hata kama gari ni lake. Basi kabla ya kulipa faranga moja, mzazi na aende mwenyewe kwa Mabaraza hayo mawili aulize jina la chuo, na jibu alipate kwa maandishi. Mtu wa kati anayekataza uulize, au anayesema muda umekwisha leo jioni, mpokee kama unavyompokea msafiri mpakani anayetaka kupita kabla begi lake halijafunguliwa.

Lipo pia jambo la vita. Mwezi Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa kundi la M23, na kila aliyekuwa na mtoto katika vyuo vya mji ule alijua maana ya kukosa usingizi. Masomo ya tiba ni marefu, hayapungui miaka mitano pamoja na mazoezi ya hospitalini baada yake, na katika muda huo mrefu amani ya mahali ni sehemu ya ada. Vita vilipozuka Khartoum mwezi Aprili 2023, wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Tiba na Teknolojia cha mji huo walitawanyika, na Chuo Kikuu cha Rwanda kikawapokea baadhi yao mwaka ule ule ili wamalizie hapa. Walikuwa na bahati ya kuwa na chuo kilichotunza kumbukumbu zao na nchi iliyowafungulia.

Wasomali hawakuwa na bahati hiyo. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, ilianguka pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa na mamlaka ya mitihani, na kwa miaka mingi kijana wa Mogadishu aliyetaka kusoma udaktari alikuwa na shida mbili: kuijua Biolojia, na kuthibitisha kwa karatasi kwamba anaijua. Madaktari waliobaki mjini walianzisha Chuo Kikuu cha Benadir mwaka 2002, katikati ya risasi, ili nchi isibaki bila warithi wao. Tarehe 3 Desemba 2009, wahitimu wa chuo hicho, wengi wao wa tiba, walikusanyika na wazazi wao katika Hoteli Shamo kupokea vyeti. Bomu la kujitoa mhanga likalipuka ukumbini. Waliuawa mawaziri watatu, wa Afya, wa Elimu na wa Elimu ya Juu, na pamoja nao wahitimu na walimu.

Nimekitaja kisa hicho kwa sababu mbili. Ya kwanza wasomaji wa ukurasa huu wanaijua kuliko mimi: darasa la tiba linakaa salama kwa sababu kuna mtu aliyesimama nje usiku na bunduki, na mtu huyo ana haki ya kutaka mwanawe awe ndani ya darasa lile. Ya pili ni ile bahasha ya kaki. Familia ya askari huhama mara nyingi kuliko familia nyingine yoyote, na katika kuhama hupotea vyeti. Nimekutana na mtoto ambaye shule moja iliandika jina lake kwa namna moja na nyingine kwa namna nyingine, hata mwisho wa sekondari karatasi zake zikawa za watu wawili. Cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mwaka wa tatu, ripoti za kila muhula, vyote viwe katika bahasha moja isiyokunjwa, jina liwe moja herufi kwa herufi, na nakala ziwe kwa ndugu anayeishi mahali pamoja. Msomali aliyebeba karatasi zake katika mfuko wa nailoni hadi Nairobi au Kampala alianzia mbele ya mwenzake aliyekimbia mikono mitupu.

Huenda mtu akauliza kwa nini nashikilia sana jambo hili, ilhali ziko kazi nyingine za heshima. Ni kweli ziko, na katika tiba yenyewe ziko ngazi nyingine: mpango wa wauguzi wasaidizi ulioanzishwa mwaka 2021 katika baadhi ya shule za sekondari, na masomo ya uuguzi na ukunga yanayotolewa jirani yetu Kibogora, wilaya ya Nyamasheke. Asiyepata udaktari asiyadharau hayo. Wodi husimama kwa muuguzi. Lakini nimewahi kusafiri usiku ndani ya gari la wagonjwa kutoka hapa kwenda Hospitali ya Chuo Kikuu mjini Huye, nikimsindikiza mdogo wangu. Hospitali zetu za Gihundwe na Mibilizi hufanya zinaloliweza, na linalozidi uwezo wao hupelekwa huko, zaidi ya kilomita 100, kupitia Nyungwe. Msitu ule mchana ni mzuri. Usiku ni kona baada ya kona, ukungu mzito, na muuguzi mmoja anayehesabu pumzi za mgonjwa kwa mwanga wa tochi. Tulifika. Wapo wasiofika.

Madaktari vijana hupangiwa wilaya yetu, hufanya kazi kwa moyo, na baada ya muda huondoka kwenda kusomea ubingwa au kuishi karibu na wazazi wao. Siwalaumu, wazazi wao wako Kigali au Huye. Serikali ilianzisha mwaka 2023 mpango wa kuzidisha mara nne idadi ya wahudumu wa afya katika miaka minne, na hospitali nyingi zaidi zinafanywa kuwa mahali pa kufundishia. Nafasi zinaongezeka. Atakayebaki Rusizi kwa miaka ishirini ni yule ambaye mama yake anauza dagaa katika soko la Kamembe au ambaye baba yake alistaafu hapa akiwa sajini.

Binti aliyekuwa amekaa kimya muda wote aliniuliza swali moja: "Mwalimu, nikirudi mwaka wa nne nikaanza sayansi upya, watanicheka?" Nikamwambia watamcheka, muhula mmoja hivi, mpaka matokeo ya kwanza ya Kemia yatakapobandikwa. Sikumficha kwamba ni miaka mitatu mizima, kwamba atakaa na watoto aliowazidi umri, na kwamba mwishoni hakuna ahadi. Nilimwambia pia kwamba kwa alama zile anaweza kuwa mwanasheria mzuri na asijute. Aliomba siku za kufikiri. Nilifurahi, kwani baba alikuwa tayari kumjibia.

Mtu wa ng'ambo hakulipwa. Alipiga simu mara nne, na mara ya tano sajini alimtaka afike kituoni ili wazungumze vizuri; hajapiga tena.

Baada ya wiki mbili walirudi, safari hii wakiwa watatu. Binti alikuwa amepata shule iliyokubali kumpokea mwaka wa nne, huku Rusizi, yenye maabara ambayo aliikagua mwenyewe. Wa tatu alikuwa mdogo wake wa kiume, mwaka wa pili, aliyevutwa kwa sikio kwa mujibu wa maelezo yake. Baba aliniwekea mezani daftari la Hisabati na kuniomba nilitazame. Sehemu na uwiano vilikuwa ovyo kabisa. Tulikubaliana awe anakuja kwangu Jumanne na Alhamisi baada ya masomo. Sajini ameambiwa ajiandae kwa uhamisho mwingine. Yeye atakwenda, na mvulana atabaki hapa Kamembe kwa shangazi yake hadi amalize mtihani wa mwaka wa tatu.